Walimu wa Jukwaa: Kumbukumbu ya Mtu wa Likoni

Katika siku za utoto wangu hapa Likoni, uigizaji ulikuwa jambo lililopendwa kutazamwa na kuogopwa kutendwa. Televisheni, iliyoanza Nairobi mwaka 1962 na kufunguliwa kituo chake Mombasa mwaka 1970, ilikuwa bado mali ya nyumba chache upande wetu huu wa kivuko. Na nyumba iliyokuwa nayo, ipende isipende, iligeuka kuwa ya mtaa mzima, kwani jioni za michezo watoto wa Timbwani na Bofu walijaa sebuleni hata barazani, wakubwa vitini, wadogo mkekani, na mwenye nyumba, kwa murua wake, hakuthubutu kumwondoa mtu. Tuliwapenda mno waigizaji wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Mama Kayai tulimtambua kwa sauti kabla ya sura yake kutokea, ijapokuwa wachache wetu walilijua jina lake halisi, Mary Khavere. Na Mzee Ojwang tulimzungumza kama jirani anayekaa nyuma ya msikiti.

Lakini mapenzi hayo yalikuwa na mpaka wake. Niliposema mbele ya bibi yangu mzaa mama kwamba nami nataka kuigiza, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mwanamke wa stara hajianiki kwa watu akalipwa kwa kuchekwa." Hakusema kwa hasira, wala hapakuwa na mtu katika mtaa ule aliyemcheka Mama Kayai kwa furaha kumpita yeye.

Nimelifikiri neno lake miaka mingi, na itikadi yangu sasa ni kwamba hofu ya wazee wetu haikutokana na dini peke yake wala na ada peke yake. Msomaji wa kasida alijulikana madrasa aliyotoka na sheikh aliyemsomesha. Mshonaji wa kanzu alijulikana fundi aliyemkalia. Mkunga alijulikana mkunga aliyemtangulia. Mwigizaji alizuka tu kiooni, pasipo mtu kujua alifunzwa na nani, adabu ya kazi yake ni ipi, na nani atakayemkanya akivuka mpaka. Mashuleni tulikuwa na tamasha la maigizo, lililoanza mwaka 1959, na baraka zake ni nyingi. Lakini mafunzo yake aghalabu yalikuwa ya kutafuta kikombe, na kikombe kikipatikana au kikikoswa, mavazi yalirudishwa sandukuni na mafunzo yakafungwa pamoja nayo. Ng'ambo ya feri, katika kisiwa, ulikuwapo ukumbi wa Little Theatre Club, ambao kwa mtoto wa Likoni ulikuwa mbali kuliko maji yanayotutenga nao.

Aliyenionyesha njia nyingine alikuwa mwanamke wa Tanzania, Amandina Lihamba, mzaliwa wa Morogoro mwaka 1944, mwigizaji, mtunzi, na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilianza kumjua kwa kitabu. Nikiwa mwalimu kijana nilipata tamthilia yake Hawala ya Fedha, ya mwaka 1980, aliyoijenga juu ya kisa cha Ousmane Sembène wa Senegali: mtu maskini ametumiwa fedha na jamaa yake aliye Ulaya, naye anazungushwa ofisi hadi ofisi asiweze kuzitia mkononi. Likoni, ambako nyumba kwa nyumba zilingoja hawala kutoka Uarabuni, kisa kile hakikuhitaji sherehe. Wanafunzi wangu walikisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza niliona darasa likiigiza bila kushindania kikombe chochote.

Baadaye nikaitazama filamu ya Maangamizi, ya mwaka 2001, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Humo Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyefungika ulimi kwa msiba wa utotoni, akakaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mpaka alipofikiwa na daktari mwanamke kutoka Marekani. Sisi tuliolelewa na vichekesho vya televisheni tulidhani uigizaji wote u katika ulimi: anayejua kusema ndiye anayejua kuigiza. Mama huyu ananyamaza, na kunyamaza kwake kumejaa. Shingo inasema, mabega yanasema, mikono iliyolazwa mapajani inakataa na kukubali. Nilipoyaona hayo nilitambua kuwa mambo kama yale hayaji kwa kipaji kitupu. Yamefanyiwa kazi na mtu anayejua anachokifanya, na ajuaye hivyo aweza kumfunza mwingine.

Naye alifunza kweli, wala si ndani ya kuta za chuo tu. Mwaka 1982 na 1983, pamoja na Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi, alikwenda kijiji cha Malya huko Usukumani, wakawauliza wanakijiji yanayowasibu, ikatajwa habari ya wasichana wanaokatizwa masomo kwa mimba, na mchezo ukatungwa na wenyeji wenyewe kwa ngoma yao ya wigashe. Mwaka 1996 yeye na Penina wakaanzisha mpango wa Tuseme, ambao wasichana wa sekondari huchunguza matatizo yao kwa njia ya maigizo na kuyatolea hukumu kwa vinywa vyao; mpango ambao umevuka mipaka ya Tanzania na kuingia nchi nyingi za Afrika. Lau bibi yangu angaliyajua hayo, sidhani kama angalibaki na neno lile la kuchekwa.

Alipofariki Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang wetu, mwaka 2015, nilijiuliza ni vijana wangapi wa Pwani waliopata kukaa mbele yake wamwulize jinsi alivyokuwa akipima kimya kabla ya neno la kuchekesha. Ningependa kwa dhati vyuo vya Mombasa viwaite wale waliozeekea katika televisheni, viwape chumba, wanafunzi na ujira wa heshima, maadamu wangali hai na kumbukumbu zao ni timamu.

Kwa upande wetu, Jumamosi tunaazimwa darasa huku Likoni tufunze maigizo. Wasichana huja na mabuibui yao, na mama zao, ambao zamani wangaliwazuia, huketi madawati ya nyuma kusikiliza, na wengine huuliza kwa nini mwanangu amepewa maneno machache. Sasa tumeirudia Hawala ya Fedha. Sehemu ya mke imechukuliwa na binti wa Mtongwe mwenye sauti ndogo, na mama yake, muuza mahamri, ndiye anayemshikia kitabu alfajiri akisoma maneno ya mume.