Matrah Ilipofungwa

Mtu wa Mombasa anayeingia Matrah kwa mara ya kwanza hujihisi amerudi mahali, si kwamba amewasili ugenini. Majabali meusi yasiyo na mti hata mmoja yameuzunguka mji kwa nyuma, na mbele ni bahari. Juu ya jabali ipo ngome ya Wareno, jamaa ya Fort Jesus yetu, na chini yake zimejipanga nyumba nyeupe zenye roshani, kisha soko lenye vichochoro vilivyoezekwa, ambamo harufu ya ubani haitoki hata maduka yakifungwa. Sokoni humo si ajabu mteja kupatana bei kwa Kiswahili na muuza udi akamjibu kwa Kiswahili, kwani wako wazee wa Maskati waliozaliwa Unguja, na wapo waliolelewa na waliozaliwa huko. Majahazi yaliyokuja pwani yetu na kaskazi, yakileta tende na ng'onda na kurudi na boriti za Lamu, yalitoka katika bandari za namna hii.

Tulikuwa tumekaa hapo mwaka wa nne mji ulipofungwa. Mwaka 2020 ulikuwa umeanza kwa msiba, Sultan Qaboos alipofariki tarehe 10 Januari, na watu walikuwa hawajamaliza kumlilia ugonjwa ulipoingia. Mwezi wa Machi milango ya misikiti ilifungwa. Kenya ilizuia ndege za abiria kutoka nje tarehe 25 Machi, na Omani ikafuata tarehe 29. Kwa siku nne tu, njia ya kwetu ikawa imefungwa kwa ncha zote mbili. Kisha tarehe 1 Aprili wilaya ya Matrah ikatengwa: polisi na askari wa jeshi wakasimama kwenye barabara zote, asiingie mtu wala asitoke. Siku tisa baadaye jimbo zima la Maskati likafungwa, lakini sisi tulikuwa tayari ndani.

Tulikuwa watu watano katika vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na dirisha moja tu lililoiona bahari. Dirisha hilo lilizua ugomvi kuliko chakula. Watoto watatu walisoma kwa simu mbili, na asiyekuwa na zamu ya simu alikuwa na zamu ya dirisha. Wenzetu mliopitia hayo mnajua: nyumba ambayo kila mtu yumo mchana kutwa haifagiliki, na jungu halishuki jikoni. Tulijifunza kwamba upole wa familia yetu ulikuwa umeegemea sana juu ya kutoonana.

Ramadhani ilituingilia hali hiyo, tarehe 25 Aprili. Adhana ilisikika kutoka kila upande, ikigonga majabali na kurudi, na hapana aliyeteremka ngazi. Tuliswali Tarawehe sebuleni, makochi yamesukumwa ukutani. Imamu wetu, ambaye maisha yake yote alikuwa maamuma wa safu ya nyuma, alimaliza sura fupi anazozijua katika usiku wa kwanza. Usiku wa tatu akakwama katikati ya aya, na aliyemfungulia kutoka nyuma alikuwa binti yetu wa miaka kumi na moja. Tangu hapo baba mtu alikuwa akidurusu alasiri, amejificha jikoni.

Nazi mbichi haikupatikana. Tukapika mbaazi kwa tui la kopo na kuyasifu mahamri kupita yalivyostahili. Jirani yetu, mama wa Kibaluchi, aliacha sahani ya tambi mlangoni, akabisha na kurudi kwake mbio. Nasi tukamrudishia sahani ina kaimati. Sahani hiyo ilisafiri mwezi mzima, wala hatukuonana ana kwa ana. Usiku wa katikati ya Ramadhani, ambao watoto wa Omani huzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa peremende, usiku wanaouita Qaranqasho, mtaa ulikuwa kimya. Watoto wetu walikwenda kugonga mlango wa chumba chetu cha kulala, wakapewa njugu.

Haya yangekuwa ya kuchekea tu, lau si mambo mawili. La kwanza ni riziki. Ofisi ya mizigo iliyotuweka Matrah ilikata mshahara nusu mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei ikatwambia tusubiri. La pili lilikuja tarehe 6 Mei, Serikali ya Kenya ilipofunga Mji wa Kale wa Mombasa. Bibi yetu anakaa humo, peke yake na msichana wa kumsaidia, naye ana ugonjwa wa sukari. Dawa zake na posho yake ya mwezi vilitoka katika mshahara ule ule.

Wiki hiyo ilivuma habari ya ndege maalumu ya kuwarudisha Wakenya. Tulikesha siku mbili tukihesabu. Mmoja wetu alisema afadhali njaa ya nyumbani. Mwengine akasema nauli ya watu watano ni dawa za bibi za mwaka. Maneno yalifika pabaya, na watoto waliyasikia. Mwishoe tulimpigia bibi mwenyewe, baada ya futari yake, ambayo hufuata yetu kwa kiasi cha robo tatu ya saa.

"Mje mkae wapi, wanangu?" alituuliza. "Mombasa haingiliki, na Mji wa Kale umefungwa ndani ya Mombasa. Mtanilia mkiwa Nairobi? Na mmesahau alivyotufunza Mtume, sala Allahu alayhi wasallam, kwamba tauni ikiwa katika mji msiuingie, na ikiwakuta mjini msiukimbie?"

"Na dawa, bibi?"

"Dawa ninayo ya wiki tatu. Mungu ana wiki ya nne."

Hatukupanda ndege. Hatudai kuwa tulikuwa na subira. Tulikuwa na hesabu zisizokubali. Tulituma kilichokuwamo sandukuni, na kijana wa jirani akampelekea dawa. Idi ilikuwa tarehe 24 Mei, bila ile nyama ya shuwa ambayo Waomani huifukia shimoni pamoja, ukoo mzima. Maduka ya dhahabu yalipofunguliwa, bangili mbili za harusi zilikwenda, na zikatulisha sisi na bibi hadi kazi ilipopatikana tena.

Mwanzoni mwa Juni vizuizi vya huku na huko vilianza kulegezwa. Ndege za Omani zilingoja hadi Oktoba, lakini jioni ya kwanza tuliyoruhusiwa tuliteremka sote hadi ufuoni Matrah, tukampigia bibi kwa video ili aione bahari. Na yeye alikuwa ametoka, amekaa nje karibu na Fort Jesus na buibui lake, akapeperusha simu huku na huku hata hatukuona kitu ila mawimbi.

"Hii ndiyo yenu au yangu?" akauliza.

Mdogo wetu akamjibu ni ya kwetu. Wakabishana hadi salio likaisha.