Mwizi wa Ghala na Mlinzi Wake

Katika vilima vya Kisii na Nyamira ni vigumu kupata mwezi usio na mvua hata kidogo, lakini kila mkulima aijua kalenda yake. Mahindi hupandwa Februari na Machi, huvunwa kuanzia Julai, na mahali pengi hupandwa tena Agosti au Septemba. Wanyama wadogo nao wana kalenda yao, nayo hufuatana na ya mkulima hatua kwa hatua. Mbegu ikiingia ardhini, kindi huja alfajiri akaifukua. Mahindi yakikauka katika mabua, panya hukusanyika shambani. Mavuno yakisha kuchukuliwa, shamba hubaki tupu, na panya huyafuata mahindi mpaka nyumbani. Nyuma ya panya huja wale wamwindao. Ndipo vishindo husikika darini usiku, na mama wa nyumba huamka akawasha taa.

Jambo hili si la vilima hivi peke yake. Huko Marekani kindi huingia katika dari za nyumba majira ya baridi yanapokaribia. Kuna pia mnyama aitwaye rakuni, mwenye weusi machoni kama aliyevaa barakoa na mkia wenye pete, ambaye jike lake hutafuta dari lenye joto apate kuzaa. Katika Kenya rakuni hayuko, lakini kazi yake ina wafanyao. Mmoja ni fungo, ambaye hupenda matunda, hata buni zilizoiva. Wa pili ni kanu, ambaye wengi humwita paka wa mwitu: mwembamba, mwenye madoadoa, na mkia mrefu wenye pete nyeusi.

Huyo kanu ndiye mwenye jina baya kuliko wote. Akiua kuku mmoja, manyoya yaliyotapakaa uani ni ushahidi wa kutosha. Vijana hukusanyika, mbwa huitwa, marungu hutolewa, na vichaka vya kando ya mto hupekuliwa mpaka apatikane. Akiuawa, watu hurudi wakicheka. Usiku huo huo panya huendelea kula gunia taratibu, wala hakuna ampigiaye yowe.

Hesabu ya panya ni rahisi, ila ni wachache waifanyao. Panya mmoja mkubwa huweza kula kadiri ya gramu 20 za nafaka kwa siku. Panya 20 katika boma moja, ambao si wengi, hula gramu 400. Kwa muda wa miezi saba u nusu watakuwa wamemaliza gunia zima la kilo 90, bila kuhesabu yale waliyoyaharibu kwa mavi na mkojo. Mkojo huo waweza pia kumletea mtu homa mbaya. Tena panya shamba huzaa upesi mno: mimba yake ni kadiri ya majuma matatu, na mara moja huweza kuzaa watoto kumi au zaidi. Panya huyo yuko Tanzania pia, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambao wamemchunguza miaka mingi, wameonyesha kwamba kuzaa kwake hufuata mvua. Mvua inayootesha mahindi ndiyo imleteayo panya chakula cha kulelea wanawe.

Sasa chakula kikuu cha kanu ni nini? Ni panya hao hao, pamoja na ndege na wadudu. Kuku huliwa pale tu banda lilipoachwa wazi. Bundi naye, ambaye watu wengi humpiga mawe kwa kumdhania kuwa mjumbe wa kifo, huwinda panya usiku kucha, akawameza wazima na kutema mifupa na manyoya. Nguchiro pia huwinda panya, na hata nyoka. Amwuaye mlinzi kwa sababu ya kuku mmoja amempa mwizi ruhusa ya kuingia ghalani. Paka akiondoka, panya hutawala.

Wengine hukimbilia sumu. Lakini sumu nyingi za panya hazimwui mara moja. Hutembea nayo siku kadhaa akilegea, na akiisha kulegea ndipo akamatwapo kwa urahisi na bundi au paka wa nyumbani. Hivyo sumu iliyotegewa mwizi humwua mlinzi. Wala mtoto atambaaye sakafuni hajui tofauti ya sumu na chakula.

Wazee wa Kisii walikuwa na maarifa yao. Ghala lao, ekiage, lilisukwa kwa fito, likainuliwa juu ya ardhi na kufunikwa kwa paa la nyasi lililoweza kuinuliwa. Siku hizi mashamba yamegawanywa mara nyingi, wezi wa binadamu nao wanaogopwa, na watu wengi huweka magunia chumbani wanamolala. Panya basi hakuvunja mlango. Alikuta chakula kimewekwa karibu na kitanda.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mahindi yakaushwe vema kabla ya kuwekwa. Ghala liinuliwe kadiri ya mita moja, na kila mguu uvishwe kofia ya bati ambayo panya hawezi kuipita. Lisiguse ukuta wala tawi la mti. Awezaye kununua pipa la bati lenye kifuniko madhubuti, na anunue. Majani marefu yaliyozunguka nyumba yafyekwe, matundu ya darini yazibwe, na banda la kuku lifungwe kwa wavu imara kabla ya giza. Majirani wafanye kazi hiyo pamoja baada ya mavuno, kwa kuwa panya hajui mpaka wa shamba.

Akisha kufanya hayo, mkulima asikiaye hatua nyepesi juu ya bati usiku hatakuwa na sababu ya kushika rungu. Huenda ni kanu yuko kazini. Adui wa kweli hana kelele nyingi, naye yu karibu zaidi: kikulacho ki nguoni mwako.