Msumari na Ukuta

Watu wengi huusifu ubao wakausahau msumari. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kosa langu lilikaribia kumwua mama yangu.

Nilizaliwa Tabora, mji uliofikiwa na misafara ya pwani kwa miguu, na baadaye na reli mwaka 1912. Nilipopata mshahara wa kwanza nilitaka kumjengea mama ghala la karanga. Nikanunua mbao nene za mninga, fahari ya misitu yetu. Lakini mninga ni mgumu. Msumari huweza kupinda usipotanguliza keekee. Kwa uvivu nikazilaza mbao sambamba na ardhi, nikapigilia msumari mmoja tu penye kila nguzo, kisha nikajisifu.

Upepo wa kabla ya mvua ulipovuma, ghala liliinama upande mmoja, mama akiwa ndani. Alitoka akitambaa, bega limeteguka. Hapakuwa na ubao hata mmoja uliovunjika.

Seremala mmoja mzee, jirani yetu, hakunikaripia. Alifunga vijiti vinne kwa uzi katika pembe zake, akavisukuma, mraba ukalala. Akaongeza cha tano mshazari, ukakataa kusogea. "Mwanangu," akasema, "ubao wenye msumari mmoja huzunguka juu yake kama mlango juu ya bawaba. Misumari miwili huuzuia, na mbao za mshazari huzuia zaidi."

Baadaye nilijifunza habari za plaiwudi. Bamba lililopigiliwa kingo zake zote, msumari kila sentimeta 15 au pungufu, na katikati kila sentimeta 30, hufanya kazi ya mshazari kwa eneo lake lote. Upepo ukisukuma, kiunzi hutaka kuteleza nyuma ya bamba, na misumari ya kingoni ndiyo inayokikatalia. Msumari ulio karibu mno na ukingo huupasua. Uliogongwa hata ukazama ndani ya uso wa bamba hupungukiwa na nguvu, ijapokuwa jicho limeridhika.

Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, tembe lina kuta nene za udongo. Ukuta wa namna hiyo hutegemea uzito wake. Wa mbao ni mwepesi, hutegemea kushikana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Ghala nililijenga upya, nikitoboa kila tundu kwa keekee. Bega la mama lilipona, lakini mtungi wa maji hakuuinua tena.