Antena yetu ilikosa miguu

Ndugu wasikilizaji, nanyi familia mliokimbia makwenu mkapokelewa hapa Punia, wengi mmeniuliza kwa nini redio yetu ya mtaani ilikuwa inakwamakwama majuma matatu. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: kosa lilikuwa langu.

Dhoruba iliangusha mlingoti wa chuma, tukasimamisha wa mti. Kurudisha antena, niliona vile vyuma vinne vya chini vimekatika. Nikasema tuviache, nikidhani ni vya kushikilia tu. Mtambo ukawaka, muziki ukasikika palepale kwenye parsela, tukapiga makofi.

Juma la pili akaja kwa miguu mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Walikale. Siku tatu, asubuhi na jioni, tulikuwa tumesoma komunike ya mtoto wake: ameonekana, yuko salama kwa familia fulani. Mama huyo alikuwa na redio na betri mpya, kilomita nne tu kutoka kwetu. Alisikia upepo. Habari aliipata kwa muuza mihogo. "Papa," akaniambia, "mnasemea nani?"

Sikuwa na jibu. Nililipata kiwanjani, kwa fundi wa ndege ndogo aliyekuwa anangoja mvua ikatike. Nilipomweleza, aliuliza jambo moja: mlingoti ni wa mti? Akacheka. Ugonjwa huo, alisema, wanaujua sana watu wanaojijengea ndege nyumbani. Ndege ya alumini, mwili wake wenyewe unaisaidia antena: fimbo ya juu ni nusu moja, bati lililo chini yake ni nusu ya pili. Lakini kuna ndege kama VariEze ya Burt Rutan wa Marekani, iliyoruka mara ya kwanza 1975. Mwili wake ni nyuzi za kioo na gundi, na umeme haupiti humo. Ukiisimamisha fimbo peke yake, rubani ataita bila kusikika. Kwa hiyo wajenzi huficha utepe wa shaba ndani ya mwili, nusu zote mbili. Nyuzi za kioo hazizuii mawimbi. Za kaboni huzuia, na huko antena lazima itoke nje.

Kumbe mti wetu ulikuwa kama ile nyuzi ya kioo, na mimi nilikuwa nimetupa nusu ya antena.

Tunatangaza karibu na megahezi 98. Wimbi lake ni kama mita 3, na robo yake, ukipunguza kidogo, ni sentimita 73. Tulikata vipande vinne vya waya nene ya shaba, tukavifunga chini ya fimbo, vikishikana na ganda la nje la kebo, vikiinama kama miguu ya kiti. Kipimo tulichoazima kilikuwa kimeonyesha 3, maana yake robo ya nguvu ilikuwa inarudi kwenye mtambo na kuuchemsha bure. Sasa kilionyesha 1.3.

Kijana wa pikipiki alibeba redio kwenda kujaribu. Kilomita nne, sauti safi. Kilomita tisa, bado safi. Nyuma ya kilima ikapotea, na huko miguu haisaidii: mawimbi ya FM hayapindi mlima, yanahitaji mlingoti mrefu zaidi.

Kesho saa kumi na mbili jioni tunarudia komunike zote za majuma yale matatu, moja moja, majina polepole. Mnaokaa nyuma ya kilima, tumeni mtu aje asikilizie kwenye parsela yetu.