Jiwe la Kitonga

Baba aliijua barabara ya mlima Kitonga kabla haijapata lami. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, njia ya mafuta ya Zambia kutoka kusini ilifungwa, na mapipa yakaanza kutokea bandari ya Dar es Salaam kwa malori. Vijana wakatafutwa wa kuwa matingo, naye akaingia. Walikwenda na petroli, wakarudi na shaba. Kiangazi vumbi, masika tope. Madereva wa Kizungu waliiita njia hiyo ya kuzimu.

Kazi yake pale mlimani ilikuwa jiwe. Lori likipanda kwa gia ya kwanza, yeye alitembea kando ya tairi la nyuma amelikumbatia jiwe lake, tayari kulisukumia chini ya gurudumu injini ikizima. Kila tingo alikuwa na jiwe analoliamini, na hakumwazima mtu.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kufikisha mafuta Ndola, Zambia, mapipa yakapungua. Lami nayo ikaja, sehemu yake kwa fedha za Marekani, huku Wachina wakijenga reli ya TAZARA iliyoikwepa Kitonga kabisa na kupitia Kilombero. Baba alidai Wachina ndio walioujua mlima.

Mimi nilipita mara ya kwanza kwa basi la kampuni ya KAMATA, nikiwa mtoto. Baada ya wanyama wa Mikumi, barabara hufuata bonde la Ruaha hadi kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, joto likiwa kali na vitunguu vimepangwa kando ya njia. Halafu mlima. Basi zima lilinyamaza, isipokuwa bibi mmoja aliyekuwa akisali kwa sauti bila aibu yoyote. Ukichungulia chini uliona kona ulizokwisha kuzipita, na malori yakijikokota kama siafu. Juu tulisimama rejeta ipoe. Watoto walikuja mbio na madumu ya maji, kondakta akabishana nao bei, na abiria wakaanza kutoa masweta maana Ilula kulikuwa na baridi.

Watoto wa maji hawapo tena. Injini za siku hizi hazichemki kwa urahisi hivyo. Mabasi hupanda mapazia yamefungwa, video inaonyeshwa, watu wanasinzia. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wengi huvuka Kitonga gizani, wasijue wamevuka nini.

Hofu yenyewe haikuondoka, imegeuka upande tu. Enzi za baba, kilichoogopwa ni kupanda. Sasa madereva wanaogopa kushuka: malori yametoka Tunduma na shaba ya Zambia na Kongo, mzigo unasukuma kutoka nyuma, na anayetegemea breki badala ya gia nzito huzichemsha kabla hajafika chini. Jiwe haliwezi kulizuia lori lililokwisha kushika kasi.

Safari yangu ya karibuni, tela lilikuwa limekwama katikati ya kona, foleni juu na chini. Tuliteremka wote. Vijana walipiga picha za bonde, wakashangaa kwamba kumbe kuna bonde. Mama mmoja alipita na beseni la ndizi, akatutajia bei. Nilipolalamika, akanionyesha foleni kwa kidevu. "Baba, subiri basi," akasema. "Jioni itakuwa imepanda zaidi."