Siku Tano Hemani Katika Mvua ya Uingereza

Wengi wetu tukisikia mtu amekwenda likizo Ulaya hufikiria hoteli na maduka makubwa. Kumbe huko familia nyingi za kawaida hupakia hema kwenye gari na kwenda kulala bondeni au kando ya ziwa, maana ni nafuu. Julai 2023, tulipomtembelea shangazi ya watoto anayefanya kazi Manchester, alitupangia likizo ya namna hiyo. Tulikuwa baba, mama, watoto watatu, shangazi na hema la kuazima.

Kwa gari tulisafiri kama saa mbili na nusu kwenda kaskazini, hadi mji mdogo wa Keswick ulio kando ya ziwa Derwentwater, katika hifadhi ya Lake District. Kutoka hapo tuliingia bonde la Borrowdale. Mvua ilitupokea siku hiyo hiyo, wala haikutuacha mpaka tulipoondoka.

Mwishoni mwa bonde hilo kuna kijiji cha Seathwaite, kinachojulikana kuwa na mvua nyingi kuliko mahali pengine popote wanapoishi watu katika England. Hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Dar es Salaam. Mama wa Moshi au Lushoto ataelewa sababu yake upesi: upepo wenye unyevu hutoka bahari ya Atlantiki, hukutana na milima, hupanda, hupoa na kuwa mvua. Milima yenyewe haitishi. Scafell Pike, mrefu kuliko yote katika England, una mita 978 tu. Watoto wetu, waliozoea kuuona Kilimanjaro wenye mita 5,895, waliuita kilima.

Mchana tulivaa makoti ya mvua na mabuti ya mpira, tukatembea. Tuliona kondoo wa Herdwick, ambao huzaliwa weusi na kuwa wa kijivu wakikua. Sufu yao ngumu huwakinga na mvua na baridi. Mama mmoja aliwapenda sana kondoo hao: Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za sungura Peter. Fedha za vitabu vyake zilimsaidia kununua mashamba huko, na alipofariki mwaka 1943 aliyaachia shirika la National Trust ili yatunzwe. Hata leo watu wanayatembelea.

Kazi ilikuwa usiku. Usiku wa tatu mvua ilipiga hema kama kokoto juu ya bati. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka sita, alirudi kutoka chooni amelowa mpaka fulana, anatetemeka, meno yanagongana. Ndipo mmoja wetu akasema, "Tuingize jiko la gesi ndani, apate joto."

Hapo tulikataa kabisa, nawe mama ukumbuke. Jiko la gesi au la mkaa likiwaka ndani ya hema hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, na aliyelala huenda asiamke. Hata jiko la mkaa linaloonekana limezimika bado hutoa sumu hiyo.

Basi tulifanya hivi. Tulimvua nguo zote zilizolowa, tukamkausha na kumvika nguo kavu, soksi za sufu na kofia. Tulimlaza juu ya godoro la sponji, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mwili, katikati ya dada zake wawili. Tukampa chai tamu ya vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, tuliyokuwa tumeijaza jioni. Muda si mrefu akaacha kutetemeka, akaanza kuwasimulia dada zake habari za kondoo. Mtoto anayeongea vizuri amepata nafuu. Lakini akiacha kutetemeka huku anasinzia, anayumba au maneno yanamvurugika, hiyo ni hatari. Apelekwe hospitali mara moja.

Tangu usiku huo kila mmoja alikuwa na nguo zake kavu za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zisizoguswa mchana hata iweje. Tulipika nje, chini ya turubai, mbali na mlango wa hema. Jioni tulicheza karata na kuimba, na watoto wakauliza kama tutarudi mwakani.

Nawe uliyeko Njombe, Lushoto au Limuru, huhitaji kwenda Uingereza ili somo hili likufae. Msimu wa baridi ukifika, usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama mlango umeachwa wazi kidogo. Waongezee watoto blanketi, wavishe soksi na kofia, na jiko libaki nje.