Lubumbashi Inaingoja Liemba

Lubumbashi iko mbali na maji yanayobeba meli. Ukifika mwezi wa Septemba, unapokewa na vumbi jekundu, mijakaranda inayoanza kuchanua, na bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines lililosimama kando ya mlima mweusi wa masalio ya shaba. Mazungumzo ya mji ni madini, bei ya unga wa bukari (ugali), na foleni ya malori pale mpakani Kasumbalesa. Mimi nilikuja kuuliza habari za meli, na nilianzia kituo cha treni.

Reli ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule Wabelgiji walipoanzisha mji na kuuita Elisabethville. Julai 1915 ikapitisha mzigo wa ajabu: boti mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja, zikiwa zimefungwa juu ya mabehewa. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, ndipo zikapanda treni kuja kaskazini. Reli ilikomea Fungurume. Kuanzia hapo zilivutwa na mashine za mvuke, maksai na mikono ya vibarua, zikavuka milima ya Mitumba kwenye njia iliyokatwa kwa ajili yao na kujengewa madaraja zaidi ya 100. Zikapanda treni tena, zikateremka mto Lualaba, zikamalizia kwa reli ya Kabalo hadi Kalemie, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Siku ya pili ya Krismasi ya 1915 zikaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na Februari iliyofuata Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Meli kubwa ya Wajerumani hawakuigusa. Nayo ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, na kupelekwa Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli. Iliunganishwa upya ziwani na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani walipokimbia Kigoma Julai 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka injini grisi nzito. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena bandarini. Waingereza wakaiinua mwaka 1924 na kukuta mitambo bado inafaa. Mei 1927 ikaanza safari za abiria kwa jina la Liemba, jina la kale la Ziwa Tanganyika.

Haya nilikuwa nikiyasimulia kituoni kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, tumekaa kwenye kivuli, majani yameota katikati ya njia za pembeni. Shirika la reli, SNCC, lina makao yake makuu mjini humu, na bandari ya Kalemie pia iko chini yake. Ndiyo maana mtu wa treni hapa huizungumzia meli kama jirani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mutoto wangu, bato bila bantu ni byuma tu.”

“Na treni je, Papa?”

“Treni vilevile.”

Alinyoosha kidole upande wa kaskazini. Reli inatoka hapa hadi Kamina, Kabalo, na mwisho Kalemie ziwani. Kipande cha Kamina hadi Kabalo kiliunganishwa mwaka 1956. Kwenye ramani, mtu anaweza kupanda Lubumbashi na kushukia ukingoni mwa Tanganyika. Kwa msafiri wa leo, treni hiyo haina siku ya kuaminika, na mwenye haraka hutafuta lori.

Soko la Mzee Kabila linaonyesha kwamba ziwa halijatengana na mji. Ndakala (dagaa) wakavu wamerundikwa kwenye masinia, na mikebuka iliyokaushwa imepangwa vichwa upande mmoja. Mama mmoja aliyekuwa akipima kwa kopo aliniambia kwamba wapo wanaozunguka kwa njia ya Zambia: Kasumbalesa, Kasama, hadi bandari ya Mpulungu. Mpulungu ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari ya Liemba kutoka Kigoma. Nilimwuliza kama wafanyabiashara wataipanda ikirudi. Akajibu bila kuinua kichwa: “Tunaangaria siku, baba. Kama bato inakuya siku yake, njo bizuri. Kama inakuya siku inapenda, samaki inaoza.”

Kauli yake inaingia moja kwa moja katika kazi inayosubiriwa Kigoma. Liemba imesimama miaka kadhaa, na mwishoni mwa 2023 Tanzania ilisaini mkataba wa kuikarabati na kampuni ya kuunda meli ya Kroatia. Maji ya ziwa hayana chumvi, ndiyo sababu kubwa ya mwili wake wa chuma kudumu zaidi ya karne, lakini kutu haisamehe. Chombo hupandishwa kwenye chelezo, mabamba yakapimwa unene, yaliyoliwa yakakatwa na kulehemiwa mapya. Injini za mvuke ziliondoka miaka ya 1970, zikaingia za dizeli, na mwaka 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Katika meli hii, kubadilisha viungo ni desturi ya zamani. Anayetaka ibaki kama Wajerumani walivyoiacha amechelewa miaka hamsini.

Kilichokuwa hakibadiliki ni abiria. Vijiji vingi vya pwani ya Tanganyika havina gati, kwa hiyo meli ilitia nanga mbali na mitumbwi ikaifuata, ikileta watu, magunia ya dagaa na watoto waliopokewa juu kwa mikono. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, Liemba iliwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ilienda kijiji cha Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama kwenye ufuko mwembamba chini ya mlima. Watalii waliipenda kwa historia yake, na fedha zao zinafaa. Lakini kila ilipoinuliwa iliinuliwa kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuvushwa.

Basi siku itakaposhuka tena majini, wageni wataisifu rangi na vyumba vya daraja la kwanza. Wauzaji wa Lubumbashi watauliza mambo matatu: inaondoka siku gani, inasimama vijiji vingapi, na gunia la ndakala linalipiwa kiasi gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoeleza kama Tanzania imekarabati meli ya abiria au imetengeneza sanamu inayoelea.